Siku Kumi na Nne za Uwani: Kutoka Malindi hadi Wete na Wavulana Watatu

Daftari lililonisaidia kuandika simulizi hii lilinunuliwa kwa ajili ya hesabu za saruji na mchanga, na kurasa zake tatu hazifunguki tena kwa sababu ziligandamana kwa saruji yenyewe. Yaliyokosekana humo nimeyachukua kwenye picha za simu, ambazo nyingi zinaonyesha visigino vya watoto wanaokimbia. Safari ilikuwa ya siku 14, kuanzia tarehe 6 hadi 19 Desemba 2024, wakati wa likizo ya skuli. Mimi na wanangu watatu, wa miaka 8, 6 na 3, tulitoka Unguja kwenda kwa mama yangu, nje kidogo ya mji wa Wete, kisiwani Pemba, ili ua wa nyuma ya nyumba yake ujengwe upya huku sisi sote tukiishi humo humo. Mume wangu alibaki kazini. Tulikubaliana kwamba yeye atatuma fedha na mimi nitasimamia, ingawa yeye alitaka watoto wabaki kwa shangazi yao Unguja, na alitaka jiko la uwani liezekwe kwa bati. Yote mawili aliyakosa.

Ijumaa, 6 Desemba: bandari ya Malindi, Unguja

Kwenda Pemba kwa bahari kuna boti ya mchana iendayo kasi na kuna meli ya usiku iendayo taratibu. Nilichagua meli kwa sababu ya mzigo, kwani nilichukua mfuniko wa chuma wa kisima uliochomelewa Mwanakwerekwe, wenye kilo 28, na pia kwa sababu nilijidanganya kwamba watoto watalala. Nauli yangu ilikuwa shilingi 35,000, wakubwa wawili niliwalipia nusu kila mmoja, mdogo alikwenda bure, na mfuniko ukatozwa 10,000 baada ya mabishano mafupi kuhusu kama ni chombo cha nyumbani au bidhaa. Tuliambiwa tuwe bandarini saa 1 usiku. Meli iling'oa nanga karibu na saa 5, na sababu ya kuchelewa hatukuelezwa. Katika saa hizo nne watoto walimaliza mikate yote ya boflo niliyoiweka kwa ajili ya asubuhi, na kitinda mimba alilala juu ya mfuniko wa kisima kama paka juu ya jiwe la jua.

Ndani tulitandika mkeka kati ya magunia ya vitunguu na familia moja iliyokuwa ikirudi kutoka arusini. Tulipoipita Nungwi, ambako kisiwa cha Unguja humalizika na bahari ya wazi kuanza, meli ilianza kulala ubavu na kuinuka. Hapo watu wazima hunyamaza. Hakuna aliyeitaja Spice Islander, iliyozama Septemba 2011 ikielekea Pemba, lakini nilimwona mzee mmoja akiyahesabu kwa macho majaketi ya kuokolea, nami nilikuwa nimeshayahesabu. Mwanangu wa kati alitapika mara mbili. Mwanamke wa makamo aliyelala jirani yetu aliamka bila kuombwa, akaling'ata ndimu likapasuka, akampa alinuse, kisha akaniambia, "Mlaze kichwa kielekee mbele, mwanangu, si ubavuni." Tulipoamka alikwisha kushuka, nasi tulibaki na maganda ya ndimu lake.

Kwa atakayesafiri na watoto kwa meli hiyo: chukua mkeka wako, mifuko ya kutapikia isiyopungua minne, na chakula cha asubuhi kifungwe mahali ambapo mikono midogo haifiki. Keti katikati ya meli na karibu na chini, kwa kuwa huko mtikisiko hupungua.

Jumamosi, 7 Desemba: Mkoani, Chake Chake, Wete

Mkoani, mji wa bandari kusini mwa Pemba, tulifika alfajiri. Mji umepanda kilima kutoka bandarini, na mtu mwenye mfuniko wa chuma, mabegi mawili na watoto watatu hukitambua kilima hicho mapema. Kijana aliyekuwa akisubiri mzigo wake mwenyewe alitubebea mfuniko hadi kwenye daladala ya 603 na akakataa malipo. Kondakta hakutaka kuupokea. Dereva alishuka, akautazama, akausukuma chini ya viti vya nyuma, na abiria wanne wakasafiri hadi Chake Chake, mwendo wa kilomita 30 hivi, nyayo zao zikiwa juu ya kisima cha mama yangu.

Mavuno ya vuli yalikuwa yakielekea ukingoni, lakini majamvi ya karafuu yalikuwa bado yametandazwa kando ya barabara na mbele ya nyumba, nyekundu iliyokuwa ikigeuka kahawia, na kila palipopita upepo, harufu iliingia garini kabla ya vumbi. Mwanangu wa kati, ambaye tumbo lilikuwa limetulia, aliuliza mbona barabara inanuka pilau. Abiria walicheka hadi Mtambile.

Chake tulikunywa chai kwa vitumbua na maharage ya nazi, sote wanne kwa shilingi 7,000, tukapanda 606 kwenda Wete. Barabara hii ya zamani ina kona nyingi na mabonde ya mpunga; ni nzuri kwa anayetazama, si kwa aliyetapika usiku. Adhuhuri tulipiga hodi kwa Mama.

Anayetaka kuuelewa ujenzi wetu auone kwanza ua wenyewe. Nyumba ya Mama ina vyumba vitatu na ukumbi, lakini maisha yapo nyuma. Uwani ndiko kwenye jiko la makuti lenye mafiga matatu yaliyolikalia jivu lile lile tangu nikiwa msichana, kisima chenye pipa lililotobolewa mdomoni, choo cha shimo pembeni, mlimau, mpera, na kamba mbili za kuanikia. Humo hupikwa, hufuliwa, huoshwa watoto, huchambuliwa mchele na husemwa yasiyosemwa barazani. Kuta za miti na udongo zilikuwa zimeanguka pande mbili kwa mvua za masika, karo la choo lilikuwa limejaa, na maji ya kufulia, kwa kukosa mtaro, yalituama chini ya mpera yakawa ziwa dogo ambalo wanangu walilipa jina kabla hata ya kuvua viatu.

Jumapili, 8 Desemba: kupima

Fundi alikuja saa 2 asubuhi akiwa na kamba, pimamaji, na timazi yake, yaani kizito cha uzi cha kupimia wima wa ukuta, iliyofungwa kwenye kitambaa cheupe. Ni mzee wa miaka sitini na kitu aliyejenga nusu ya kuta za mtaa ule, na kwa umri wake aliniita "mwanangu" na watoto "wajukuu zangu", nasi tulimwamkia shikamoo kabla ya kuanza hesabu. Ukuta ulikuwa na urefu wa mita 17 kwa kozi (safu) 8, yaani matofali 300, na kwa kuwa palikuwa na nafasi ya mlango, yaliyovunjika yalijifidia.

Nilikuja na mpango nilioupanga Unguja kwa fahari kubwa: kuvunja kila kitu siku ya kwanza, kusafisha, kisha kujenga kwa mkupuo mmoja. Fundi alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza watoto wataoga wapi Jumatano, na chakula cha mafundi kitapikwa wapi, na mama yangu atakwenda choo gani usiku. Sikuwa na jibu hata moja. Tuliupindua mpango wote: choo na karo kwanza, jiko lisiguswe mpaka choo kipya kitumike, sakafu ya kisima baada ya hapo, na ukuta, ambao ndio uliotuleta, uwe wa mwisho.

Mama alitoa masharti yake matatu akiwa ameketi juu ya kibao cha mbuzi, akikuna nazi bila kuinua macho. Mlimau usikatwe. Mafiga yasiondolewe yalipo, ukuta na paa viyafuate. Na jiko lirudishiwe makuti, kwa sababu chini ya bati mpishi hupikwa pamoja na chakula. Nilipompigia mume wangu simu kumweleza, aliuliza kama watoto wanasumbua, na kama haingekuwa bora warudishwe kwa shangazi yao. Mama aliomba simu. "Mwanangu," alimwambia, "ua wanajengewa wao. Waache wauone ukijengwa." Mkwewe hakubisha.

Jumatatu, 9 Desemba, ilikuwa sikukuu ya Uhuru, lori halikuja, na hapakutokea la kuandika.

Jumanne, 10, na Jumatano, 11 Desemba: karo, mvua na gari la ng'ombe

Vijana wawili walichimba shimo jipya katika pembe ya chini kabisa ya kiwanja. Lile la zamani lilikuwa hatua 9 tu kutoka kisimani, jambo lililonifedhehesha nilipolipima kwa miguu yangu, kwa kuwa wataalamu wa afya hushauri angalau mita 30 na kiwanja chetu chote hakifiki huko. Tulifanya lililowezekana: shimo likawekwa mbali kadiri ya mipaka, upande ambao maji ya ardhini huteremka kutoka kisimani, na kuanzia siku hiyo maji ya kisima yakawa ya kufulia na kumwagilia tu, ya kunywa na kupikia yakawa ya mfereji, yaani ya bomba. Mwenye kiwanja kidogo afikirie jambo hili kabla ya rangi ya ukuta.

Kwa siku tatu hatukuwa na choo. Jirani wa upande wa kaskazini, ambaye kati yake na Mama palikuwa na ubaridi nisioujua chanzo chake, alikuja mwenyewe asubuhi ya Jumanne, akasimama penye ukuta ulioanguka, akasema mlango wake wa nyuma hautafungwa mpaka tumalize. Alitandika mkeka wa kupitia ili watoto wasiteleze, na usiku aliacha taa. Mama alishukuru kwa maneno machache mno, nami nililiona hilo nikanyamaza.

Jumatano ilinyesha mvua kubwa. Udongo wa Pemba hauna mawe mengi kama wa Unguja, ukilowa huvuta kiatu mpaka kitoke mguuni, na lori lililoleta matofali lilikwama mwanzo wa njia yetu, likayapakua pale pale na kuondoka na shilingi 60,000 zangu za usafiri kamili. Aliyetuokoa ni mwenye gari la ng'ombe aliyekuwa akitoka kupeleka kuni. Alifanya safari 6 kwa 30,000, na katika kila safari ya kurudi tupu aliwapakia wanangu watatu na watoto wa mtaa wapatao kumi. Tangu siku hiyo mkubwa hazungumzii tena kuwa rubani.

Hasara ya mvua iliingia kwenye saruji. Mifuko 22 niliinunua kwa 18,500 mmoja, na mitano kati yake, kutoka duka moja ambalo sitalitaja, ilikuwa na mabonge magumu ndani. Mwenye duka alibadilisha mitatu. Kabla ya kulipa, binya kila mfuko kwenye pembe zake: saruji nzima hubonyea kama unga, iliyokufa huzuia kidole. Ukishaifikisha nyumbani, iweke juu ya mbao, mbali na ukuta, na uifunike.

Alhamisi, 12 Desemba: timazi

Siku hii imejaza kurasa nne za daftari langu.

Nilikuwa nimewapa watoto pembe yao chini ya mpera, na chungu ya mchanga ya kujengea mji wao, na amri tatu: msivuke kamba nyekundu, msishike misumari, msikaribie kisima. Kisima chenyewe, kwa kuwa mfuniko haungeweza kufungwa kabla ya mdomo wake kujengwa, kilifunikwa kwa mbao tatu na jiwe juu. Asubuhi walikwenda chuoni, kusoma Kurani, na watoto wa jirani, nasi tukafanya kazi ya siku nzima kwa saa tatu. Waliporudi walikula muhogo wa nazi, wakatulia chini ya mpera, na nilipaswa kulitilia shaka tulizo lile.

Fundi alikuwa anajenga kuta za choo. Alinyoosha mkono kuchukua timazi yake, akakuta kitambaa cheupe kimekunjwa vizuri, kitupu. Nilitazama kisimani. Jiwe lilikuwa mahali pake, lakini ubao mmoja ulikuwa umesogezwa kwa upana wa kiganja changu, na ukingoni palikuwa na alama za magoti madogo mawili, bado yana unyevu. Sijui nilifikaje pale. Niliwahesabu: mmoja, wawili, watatu, wote hai, wote chini ya mpera, na mkubwa ameshika kipande cha uzi uliokatika.

Maelezo yalitolewa na wa kati, ambaye hawezi kuficha kitu. Walitaka kujua kama kisimani kuna samaki. Mvuvi wa jirani huifungia mishipi yake chubwi la risasi ili uzame, na timazi ya Fundi ni nzito na ina tundu la uzi. Walikuwa wamelala kifudifudi kwa uangalifu mkubwa, na mdogo alishikwa miguu ili asitumbukie. Hayo ya kushikwa miguu aliyatoa kama utetezi.

Sikumpiga mtu. Niliketi juu ya tofali mpaka mikono ikaacha kutetemeka, kisha nikabeba mfuniko wa kilo 28 peke yangu na kuulaza juu ya zile mbao, bila saruji, bila bawaba, na ukakaa hivyo mpaka Jumamosi. Kosa lilikuwa langu. Mwenye kisima kilicho wazi na watoto asiseme "kesho tutafunga"; mfuniko huanza kazi siku unapoingia nyumbani.

Kazi ilisimama, kwani ukuta haujengwi kwa kukadiria, na timazi nyingine ilikuwa Chake. Alasiri mvuvi mwenyewe alipita na ndoo ya tasi, akasikia habari, akacheka hadi akaweka ndoo chini. Alikwenda kwake akarudi na chubwi la risasi kubwa kuliko yai la kuku. Fundi alilipima mkononi, akalifunga uzi, akaliacha litulie mbele ya kozi ya tatu. "Hili zito kuliko langu," alisema, "halitikiswi na upepo." Kuta zote za ua wa mama yangu zimenyooshwa kwa chubwi la kuvulia, na jioni ile tulikula tasi wa kukaanga ambao mvuvi alikataa kulipwa.

Ijumaa, 13 Desemba

Kazi ilikoma saa 5 kwa ajili ya sala ya Ijumaa, na mafundi hawakurudi, kama ilivyo desturi. Anayepanga ratiba ya ujenzi Zanzibar ahesabu wiki ya siku tano na nusu. Choo kipya kilianza kutumika baada ya Alasiri, watoto wakagombea nani awe wa kwanza, na Mama akawapita wote. Tulikwenda mjini Wete kununua halua, ambayo wenyeji hawakubali kwamba inapikwa vizuri zaidi kwingine.

Jumamosi, 14 Desemba: zege

Jiko lilifunguliwa paa siku hii, na kwa mara ya kwanza tulipika barazani, mbele ya njia, jambo ambalo Mama alilichukia kwa sababu kila mpita njia alijua tunakula nini. Wakati huo huo zege la sakafu ya kisima na la mtaro lilikorogwa kwa kipimo cha saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne. Mkubwa alikabidhiwa kazi ya kuhesabu ndoo kwa sauti, na alikosea mara moja tu, akajisahihisha mwenyewe. Wa kati alikuwa mleta maji. Mdogo alipewa mwiko wa zamani na sinia la mchanga, akapiga lipu gurudumu la toroli pande zote mbili. Nilijifunza hapo kwamba mtoto mwenye cheo haivuki kamba nyekundu, ilhali asiye na kazi huivuka hata ikiwa ya chuma.

Saruji mbichi huunguza ngozi polepole, bila maumivu ya haraka, kwa hiyo niliweka ndoo ya maji safi karibu na kuwaosha watoto mikono na miguu kila nusu saa. Mdomo wa kisima ulijengwa, mfuniko ukafungwa kwa bawaba na kufuli. Fundi alisema asikanyage mtu mpaka kesho kutwa, na sakafu inyweshwe maji asubuhi na jioni kwa siku saba ili isipasuke.

Jumapili, 15 Desemba: Pujini

Haikuwezekana kuwaweka wavulana watatu siku nzima kando ya zege bichi. Nilikodi gari ndogo kwa 70,000, nikampakia na Mama, tukaenda Pujini, kusini mashariki ya Chake, kwenye magofu ya ngome ya Mkama Ndume, mtawala wa karne ya 15 ambaye jina lake la utani lina maana ya mkamuaji wa wanaume. Chukua maji na viatu vya kufunika vidole, kwa sababu majani ni marefu na kivuli si kingi. Yaliyobaki ni kuta chache na miti iliyoziotea, na bila mtu wa kusimulia mtoto ataona mawe tu.

Sisi tulikuwa na Mama. Aliwaonyesha mahali pa kisima na kuwaeleza yanayosimuliwa: kwamba Mkama Ndume alikuwa na wake wawili wasiopendana, akakigawa kisima kwa ukuta, mmoja achote kwa ndoo na kamba, mwingine ateremke kwa ngazi, wasionane. Mkubwa aliuliza kwa nini hakuchimba viwili. "Hapo ndipo alipokosa akili," Mama akajibu. Kisha akawasimulia jinsi watu walivyolazimishwa kubeba mawe ya ngome vichwani huku wakijikokota kwa makalio, hatua kwa hatua, mpaka ukuta ukasimama. Hadithi hii ya mateso niliiona ikipokewa na wanangu kwa macho ya watu waliogundua mchezo.

Njiani kurudi tulisimama Kidike kuwaona popo wa Pemba, ambao duniani hawapatikani kwingine, wakining'inia mchana kama matunda makubwa yaliyokaushwa. Mdogo aliwaamkia shikamoo.

Jumatatu, 16, hadi Jumatano, 18 Desemba: ukuta

Siku hizi tatu ukuta ulipanda, na kila siku ilifanana na mwenzake isipokuwa kwa mambo mawili.

La kwanza ni usafirishaji wa vipande vya matofali. Watoto ambao wiki nzima walikuwa wakilalamika kubeba hata kikombe, sasa walivuka ua wote wakijikokota kwa makalio, kila mmoja na kipande cha tofali kichwani kilichoshikwa kwa mikono miwili, wakiimba mahadhi waliyoyatunga wenyewe, na saidia fundi akiwa ndiye Mkama Ndume. Walikisogeza kifusi kizima hadi nyuma ya choo. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga, nami nilipozitazama kaptura zao jioni sikucheka.

La pili ni kiopoo. Mama anacho cha nondo, chenye kulabu tatu, cha kuopolea ndoo zilizozama, na Jumanne tulikifungua kisima ili kuitafuta timazi, safari hii watoto wakiwa barazani na mlango umefungwa. Kilileta kwanza kindoo cha plastiki. Kisha kikaleta kifuniko cha birika, cha aluminiamu, chenye kirungu chekundu. Mama alikishika, akakigeuza, akakaa kimya kwa muda. Ndipo nilipojua chanzo cha ule ubaridi: miaka miwili nyuma birika lake lilirudi kutoka kwa jirani wa kaskazini bila kifuniko, kwa alivyoamini, naye hakuacha kulikumbusha. Timazi ilipatikana mara ya nne. Fundi aliifuta kwa kile kitambaa, lakini aliendelea na chubwi mpaka kozi ya mwisho.

Jioni hiyo Mama alivaa buibui, akachukua halua iliyobaki na kifuniko, akatoka kwa mlango wa nyuma. Alikaa huko mpaka Isha. Aliporudi alisema tu kwamba jirani anaomba ukuta uachwe nafasi ya mlango mdogo upande wa kaskazini. Fundi alitoa matofali mawili aliyokwisha kuyaweka, kisha mengine kumi, bila kunung'unika, na gharama ya mlango ilikuwa 40,000.

Makuti 150 ya jiko yaliezekwa Jumatano kwa 105,000, mafiga yakiwa pale pale. Fundi alikuwa analipwa 35,000 kwa siku na msaidizi wake 20,000, kwa siku 8, mbali na chakula cha mchana, ambacho ni haki yao na kisihesabiwe kama hisani. Jumla ya yote ilikaribia milioni 1 na laki 9, dhidi ya milioni 1 na nusu tuliyopanga. Mume wangu aliuliza kuhusu bati, nikamtumia picha ya paa.

Alhamisi, 19 Desemba: kurudi

Safari hii nilichukua boti ya mchana. Mvuvi alikuja kuchukua chubwi lake, jirani alipitia mlango mpya na mkate wa kumimina kwa ajili ya njiani, na Mama alibaki akinywesha sakafu kwa kata, kwani ilikuwa bado na siku mbili. Bahari ilikuwa shwari na hakuna aliyetapika. Baba yao alitupokea Malindi, akamkumbatia kila mmoja, akawatanguliza mbele kuelekea garini, kisha akasimama ghafla na kuuliza kaptura za wanawe zimefanywa nini.